Kipya na Kilichotumika

Mwaka juzi mpwa wangu aliniandikia kutoka Ujerumani na kuniuliza swali ambalo sikutarajia kulisikia katika ukoo wetu. "Shikamoo mjomba. Naomba ushauri. Ninunue bastola mpya, au ninunue iliyokwisha kutumika?"

Kabla msomaji hajashtuka kama nilivyoshtuka mimi, nieleze. Kijana huyu ni muuguzi katika mji mdogo karibu na Stuttgart. Huko vijiji vingi vina vyama vya walenga shabaha, kama sisi huku tulivyo na kwaya: watu hukutana jioni, hulenga, hunywa kidogo, hurudi makwao. Wafanyakazi wenzake walimchukua siku moja, akajikuta ana jicho na mkono wa kazi hiyo. Bastola yenyewe ni ya upepo. Hurusha kipande cha risasi chenye unene wa milimita 4.5 kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 10, na lile duara la katikati, la pointi kumi, lina upana wa milimita 11.5, sawa na kifungo cha shati. Mlengaji hunyoosha mkono mmoja tu, na katika mashindano makubwa hupiga mara 60 ndani ya dakika 75. Ni mchezo wa Olimpiki kama ilivyo riadha. Kwa sheria za kule mtu aliyetimiza miaka 18 huweza kuinunua bila kibali, mradi nguvu yake isizidi jouli 7.5 na iwe imegongwa herufi F ndani ya pembetano. Kwetu habari ya silaha ni habari ya polisi na vibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu wa kawaida hapa Tengeru hupunguza sauti kwanza kabla ya kutamka neno bastola.

Mpya ilikuwa euro 1,700. Iliyotumika ilikuwa ya mzee mmoja wa chama ambaye mikono imeanza kumtetemeka. Aliiuza kwa euro 700. Tofauti hiyo ya euro 1,000 haikuwa tarakimu tupu. Mdogo wake wa kike yuko chuoni, na ada yake hutoka katika mshahara huohuo wa muuguzi.

Lakini si ada iliyomfanya aniandikie mimi badala ya mama yake. Baba yake, shemeji yangu, aliuawa mwaka 1996 katika duka lake la rejareja kandokando ya barabara ya Moshi. Majambazi walikuja saa mbili usiku, wakati anafunga hesabu. Kijana alikuwa na miaka minne. Waliomuua hawakujulikana, na bastola haikuonekana tena. Dada yangu hajawahi kulisahau jambo hilo la mwisho. Kwa miaka mingi alikuwa akiniambia: "Kaka, kile chuma kiko mahali. Kuna mtu anakipangusa."

Basi nilimjibu kijana upesi, kwa akili ya mtu aliyezoea soko. Nilimwambia anunue iliyotumika. Sisi wa Arusha tumevishwa na vilivyotumika. Miaka ya mwanzo ya mitumba tuliiita "kafa Ulaya", tukidhani mwenye shati lazima awe marehemu, maana mzima angewezaje kulitoa shati zima? Baadaye tukaacha kuuliza. Ukienda Kilombero leo utaona watu wanavyochakura: wanatazama kola, wanavuta zipu, wananusa kwapani, lakini hakuna anayeuliza mwenye shati alikuwa nani na alifanya nini akiwa amelivaa. Hata wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana hapa Arusha Machi 2016 na kuagiza mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua, hoja yao ilikuwa viwanda vya nguo, si marehemu.

Nilimwambia pia kwamba anunuaye kilichotumika ana faida moja: kasoro zake zimekwisha kujitokeza. Akanijibu kwamba kweli, kasoro ipo na inajulikana. Mtungi mdogo wa hewa ulio chini ya mtutu hugongwa tarehe, na baada ya miaka 10 hautakiwi kutumika tena. Wa mzee ulikuwa umepitwa, ingebidi anunue mwingine. Nikaona tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tumeanza, kwa sababu kijana ana adabu, na alitaka mama yake ajue. Kazi hiyo akanipa mimi.

Nilikwenda Jumamosi, baada ya gulio. Dada alinisikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye cherehani, mguu haujaacha kukanyaga. Nilidhani atakataa mchezo wenyewe. Hakuukataa. Alisema: "Mwambie anunue mpya. Kama fedha hazitoshi, asinitumie za ada. Nitashona."

Nilimweleza kwamba ile ni ya upepo, ya kutoboa karatasi, haifanani na ile ya mwaka 1996 ila kwa umbo. Akasema anaelewa, yeye si mtoto. Nikamwonyesha cherehani chake mwenyewe, Singer nyeusi aliyoinunua kwa mjane mwenzake mwaka ule ule wa msiba, ambayo imesomesha watoto wawili. Je, aliuliza imeshona nini kabla yake? Akanitazama. "Cherehani hakikumuua mtu," akasema, na mguu ukaendelea.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika kidogo, kama anavyoudhika mtu mwenye hoja nzuri isiyopokelewa. Lakini njiani nilianza kuona kwamba dada yangu hayuko peke yake, wala fikra yake si ya mtu asiyesoma. Wayunani wa kale, kule Athene, walikuwa na baraza lililohukumu vitu visivyo na uhai vilivyosababisha kifo: jiwe, chuma, kipande cha mbao. Uingereza, ambayo sheria zake tumezirithi kwa wingi, ilikuwa na kanuni kwamba kitu kilichomuua mtu, hata gurudumu la mkokoteni, hutwaliwa na taji. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1846, reli zilipokuwa zimeenea na wenye garimoshi hawakutaka kupokonywa injini. Watu hao hawakuwa wajinga. Walihisi kwamba damu haiwezi kumwagika na kile chombo kikarudi tu ghalani kama kwamba hakuna kilichotokea.

Na bado mji wetu huu umetupa funzo la upande wa pili. Kuanzia mwaka 1995 hadi mwisho wa 2015 tulikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda katika majengo ya AICC. Majengo yenyewe, nikumbushe, yalikuwa yametumika: yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile iliyovunjika mwaka 1977. Niliwahi kuketi katika nafasi ya wasikilizaji, nyuma ya kioo, mwaka 1998, mwaka ambao Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani Septemba 2, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Watu 93 walishtakiwa katika mahakama ile: mameya, mawaziri, makanali, waandishi wa habari, wachungaji. Panga hata moja halikushtakiwa. Nilitoka pale nikapanda daladala hadi Tengeru, na nyumbani nikakuta panga langu limeegemea mgomba, lile lile la kukatia majani ya ng'ombe. Nililiangalia kwa muda. Ni aina ile ile ya chuma, na mpini wa aina ile ile. Siwezi kuamini kwamba kule Rwanda mapanga yote yalitupwa. Ndizi lazima zikatwe. Bila shaka yako ambayo yamekata ndizi tangu siku ile, mikononi mwa watu wasio na hatia yoyote. Je, wamekosea? Nikijiuliza hivyo nasema hapana. Nikijiuliza kama ningelitaka panga hilo jikoni kwangu, nasema hapana vilevile. Hapana hizi mbili zimenisumbua sana, maana ya kwanza inatoka kichwani na ya pili sijui inatoka wapi, lakini si dhaifu kuliko mwenzake.

Jambo moja hata hivyo lilinijia baadaye, usiku. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku zote nimeichukua methali hiyo kuwa ni dhihaka kwa wapenda mapya. Dada yangu alitaka kipya kwa sababu kipya hakina la kujibu. Lakini ile bastola iliyomuua mume wake nayo ilikuwa mpya siku moja. Ilitoka kiwandani ikiwa na mafuta yake, ndani ya boksi, safi kuliko Singer nyeusi. Usafi wa kipya ni usafi wa kitu ambacho bado hakijaulizwa. Kuhusu kilichotumika walau mtu anaweza kuuliza, na wakati mwingine akajibiwa.

Nikamwandikia kijana: muulize mzee. Kijana alipomwuliza, mzee alimletea madaftari. Alikuwa ameandika kila jioni ya kulenga kwa miaka 19, tarehe na pointi, na pembeni maneno machache: mafua, upepo mlangoni, mke hospitali. Katika kurasa za mwisho pointi zinashuka kila mwezi, na maelezo pembeni yanakoma. Mpwa wangu alinipigia picha kurasa kadhaa. Sijui Kijerumani, ila tarakimu nilizisoma.

Aliinunua ile ya mzee. Halafu akaniomba jambo ambalo naona ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: "Mjomba, mwambie mama ni mpya. Itampa usingizi." Ni uongo mdogo, wa huruma, na wa mbali, nani angekwenda Stuttgart kuhakiki? Nilikaa nao siku tatu. Ningeweza kuusema. Kilichonizuia si unyofu wangu, maana nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Nilifikiri tu kwamba huyu mwanamke amekaa karibu miaka 30 na chuma asichojua kiko kwa nani. Kumpa chuma kingine ambacho habari zake si za kweli kungekuwa kumwongezea cha pili.

Nikaenda. Nilimwambia ni ile iliyotumika, na kwamba imetumika miaka 19 kwenye karatasi, na nikamwonyesha picha za daftari katika simu. Alivaa miwani. Alizitazama safu zile za tarakimu kama anavyotazama vipimo vya mteja, akauliza neno hili la pembeni lina maana gani, nikamwambia ni mke hospitali. Alinyamaza muda.

"Huyo mzee yu hai bado?"

"Yu hai."

"Basi si kafa Ulaya," akasema.

Kisha akavua miwani, akaniuliza kama kijana amekumbuka kwamba ada inatakiwa Jumatatu.