Chuma cha Mgodini kwenye Bampa

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekiunga kutokana na mambo yanayowapata wenye magari na mafundi wa kuchomelea wa Lubumbashi. Simtaji mtu, kwa sababu kinachotafutwa hapa ni funzo, si aibu ya yeyote.

Palikuwa na mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki. Safari zake zilikuwa za Kasenga, kilomita 200 na ushei kutoka mjini, kule kwenye mto Luapula ambako enzi za Wabelgiji wachuuzi wa Kigiriki walinunua samaki na kuwaleta Lubumbashi kulisha wafanyakazi wa migodi. Gari lake lilikuwa Land Cruiser ya wazi nyuma, ile ya namba 79. Wakati wa kiangazi njia hiyo ilikuwa vumbi jekundu. Mvua zikianza mwezi wa Novemba iligeuka tope, na tope hilo halikukauka vizuri hadi Aprili imeisha. Bampa la kiwandani lilikuwa limekwisha kukunjwa na kisiki, na yule mzee akaamua kutengenezewa jipya, la chuma, kubwa, lisilo na mfano mjini.

Mji huu una haki ya kujivunia kazi ya chuma. Wakati mkoa wake wa Katanga ulipojitenga na Congo, kati ya 1960 na 1963, karakana zake zilivalisha malori mabamba ya chuma yakawa magari ya vita. Baadaye Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na shirika la reli vikalea vizazi vya mafundi. Gécamines ilipoanguka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini katika mpango wa mwaka 2003 wa kupunguza wafanyakazi, ujuzi mwingi uliingia mitaani na kukaa chini ya vibanda vya mabati. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba tatizo la kisa hiki ni ujinga wa mafundi wa mtaani. Fundi wetu, aliyekuwa na kibanda chake katika komini ya Kenya mjini humu, alikuwa anajua kazi.

Mzee alikuja na chuma chake mwenyewe. Alikinunua kwa wauza vyuma chakavu: bamba la milimita 8, pamoja na kipande kizito cha milimita 25, vyote vikiwa vimekatwa kwenye lori la mgodi, kwenye sanduku linalobeba mawe.

“Fundi, chuma hii imebeba mawe ya shaba miaka na miaka. Hakuna kitu kitaivunja.”

“Papa, hii chuma ni ngumu sana. Ngumu haipendi kuchomwa hivi-hivi. Tuchukue ya kawaida, ya milimita nne.”

“Choma tu, fundi. Mimi ndiye nalipa.”

Fundi alikuwa na kodi ya nyumba na ada za watoto. Akanyamaza, akawasha mashine. Mimi huona kwamba kisa kiliharibika hapo, kabla ya cheche ya kwanza, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na ukimya ule.

Tuanze na uzito, maana ndio rahisi kuuona. Chuma cha unene wa milimita 1 na eneo la mita 1 ya mraba kina kilo 7.85. Kikiwa cha milimita 8, mita hiyo moja inafika karibu kilo 63. Bampa la gari pana kama hilo, likikunjwa mbele, juu, chini na mabawa ya pembeni, hula mita za mraba 1.6 za bamba, yaani kilo 100. Ukiongeza bomba la juu la kukinga taa na vyuma vya kulishikia, unafika 120. Na uzito huo haukai juu ya magurudumu. Unaning'inia mbele yake. Kwenye Land Cruiser hiyo, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.18. Bampa likiwa sentimita 80 mbele ya ekseli, kilo 120 zinakuwa mzigo wa kilo 150 kwenye ekseli ya mbele, na ekseli ya nyuma inapunguziwa 30. Springi za mbele zinalala, gari linainamisha pua, breki na usukani vinabadilika, na kwenye korongo la kwanza la tope ni pua hiyo inayotangulia kuzama. Mtu ameongeza chuma ili asikwame, na chuma hicho kinamvuta chini. Lile la milimita 4 alilopendekeza fundi lingekuwa na nusu ya uzito wa bamba hilo, na kwa kisiki au mbuzi wa barabarani linatosha kabisa.

Lakini uzito haukumwumiza mtu. Aina ya chuma ndiyo iliyoumiza.

Chuma cha sanduku la lori la mgodi si kile cha mlango na dirisha. Kiwandani hupashwa moto kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu kisisagwe na mawe. Ugumu wake hupita mara tatu ule wa chuma cha kawaida. Ugumu huo una bei yake. Ukikichomelea, sehemu iliyo kando ya mchomo inapoa haraka na kuwa ngumu zaidi, mpaka inakaribia tabia ya kioo. Kisha kuna haidrojeni. Vijiti vya kuchomelea vikinyonya unyevu, ule mvuke huvunjika ndani ya moto wa umeme, haidrojeni ikaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na kubaki imejificha humo. Chuma laini huivumilia. Chuma kigumu hupasuka. Na hakipasuki mbele ya macho ya fundi: ufa huja baada ya saa kadhaa, hata baada ya siku mbili tatu, wakati kazi imekwisha kusuguliwa, imepakwa rangi nyeusi na mteja amekwisha kulipa.

Dawa yake inajulikana. Unatumia vijiti vya haidrojeni ndogo, ile aina ya 7018, vilivyokaushwa kwenye tanuri na kutolewa vikiwa bado na moto. Kipande kinene unakipasha kwanza kabla ya kuchomelea, na ukimaliza unakiacha kipoe polepole. Fundi wetu alikuwa na 6013, vijiti vya kazi zote, vilivyokaa wazi kibandani mwezi wa Desemba. Kwa geti la nyumba ni vizuri. Kwa kipande cha milimita 25 cha chuma cha mgodini, havifai.

Kipande hicho ndicho alichokitoboa tundu kikawa jicho la kuvutia gari, akalichomelea katikati ya bampa. Lilipendeza. Kila aliyeliona aliligonga kwa kiganja na kusema gari hili sasa linaweza kuvuta nyumba.

Mwezi wa Februari, likiwa limejaa samaki, gari lilizama mahali pa bonde kwenye njia ya Kasenga, tope likafika fenda. Watu hudhani gari la tani tatu linahitaji kuvutwa kwa nguvu kidogo tu, kwa kuwa lina magurudumu. Hesabu ya wanajeshi wa Marekani wanaonasua magari ni nyingine: likizama hadi kimo cha magurudumu, nguvu inayotakiwa ni sawa na uzito wake wote; tope likifika fenda, ni mara mbili. Hapo tunasema tani sita, kwenye jicho moja. Lori lililokuwa likipita lilisimama kusaidia. Wakafunga kamba nene ya nailoni, na dereva wa lori, kama wengi wanavyofanya, hakuvuta taratibu. Aliondoka kwa kasi ili ashtue.

Nailoni hurefuka, na kadiri inavyorefuka inaweka nguvu ndani yake. Ufa uliokuwa chini ya rangi tangu Desemba ulifunguka wote kwa mara moja. Jicho liling'oka, likarushwa na kamba kuelekea kwenye lori, na kijana wa mizigo alikuwa amesimama hapo akimwongoza dereva kwa mkono. Lilimpiga chini ya goti. Mguu ulikatwa.

Australia, ambako watu wengi hupenda safari za nyikani, wapo waliouawa namna hiyohiyo, na kilichowaua ni lile tufe la chuma la kufungia trela: mtu amefunga kamba hapo, tufe limekatika, limeruka. Kwa hiyo kosa hili halina taifa. Popote kamba inapovutwa, mahali pa kuifunga pawe kwenye chasisi yenyewe, kwa bolti zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kwa kazi hiyo. Bolti isiyo na alama usiitumie. Bolti huonekana na mtu huikagua kwa spana. Mchomo uliofunikwa rangi huwezi kuukagua kwa jicho. Juu ya kamba iwekwe gunia la mchanga au blanketi zito la kuishusha ikikatika, na kila mtu asiyeshika usukani akae mbali kupita urefu wa kamba hiyo. Yule kijana hakuambiwa hata moja la haya.

Kuna madhara mengine ya bampa hili ambayo hayakutokea katika kisa chetu, lakini hutokea kwingine.

La kwanza linampata fundi mwenyewe. Lile bomba la kukinga taa mara nyingi hukatwa kwenye mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, kwa sababu yapo na ni nafuu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijayeyuka, zinki yote iliyo karibu imekwisha kuwa moshi mweupe puani mwa fundi. Jioni anaanza kutetemeka, homa inapanda, mwili unauma, mdomo una ladha ya chuma. Katika mji kama wetu kila mtu atasema ni malaria, atanunuliwa dawa ya malaria, na kesho yake au keshokutwa homa inapoisha yenyewe dawa ndiyo inayosifiwa. Wiki inayofuata anachomelea bomba jingine. Usugue zinki sentimita kadhaa kila upande wa mchomo, ufanyie kazi mahali upepo unapita, na usimwache kijana wa kujifunza ainamie moshi ule. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaojifunza kazi hii wengi ni watoto wa miaka kumi na kitu, na hakuna anayewaeleza.

La pili ni gari. Bampa likichomelewa likiwa tayari limefungwa kwenye gari, waya za betri zisipofunguliwa, umeme wa mashine hupita usipotakiwa na kuua kompyuta ya injini au alteneta. Magari mapya yenye mifuko ya hewa yana vihisi na vyuma vya mbele vilivyoundwa vikunjike kwa kipimo. Ukivifunga nyuma ya ukuta wa milimita 8, ajali hiyohiyo inafika kwa abiria ikiwa na mshtuko mkali zaidi, na mfuko unaweza kufunguka wakati usio wake.

La tatu linanigusa kuliko yote. Kila asubuhi wanaume wa baiskeli huingia Lubumbashi kutoka misituni wakisukuma magunia ya makaa, wakiwa kandokando ya lami na magari yakiwapita kwa kiganja. Watoto wa shule wako njia hiyohiyo. Bampa refu la chuma lisilokunjika linamfikia mtoto kifuani au kichwani. Umoja wa Ulaya ulilitambua hilo mwaka 2005 ukatoa agizo namba 2005/66/EC, lililotaka vyuma vya mbele vya magari madogo vipimwe kwa usalama wa watembea kwa miguu. Hapa kwetu mwenye kupima ni fundi peke yake. Basi pembe zisiwe kali, chuma kisitokeze nje ya upana wa gari, na mwenye gari la kuzunguka mjini tu, asiyekwenda Kasenga wala Pweto, ajiulize kwa moyo safi analihitaji la nini.

Turudi kwa wale wawili. Mzee aliuza gari kulipa hospitali na familia ya kijana. Fundi alifunga kibanda kwa muda, na watu wa mtaa wakagawanyika: wengine walimlaumu yeye, wengine mwenye gari. Mimi nawalaumu wote wawili, lakini si kwa kiasi kimoja. Mzee hakujua alichokuwa akikiagiza. Fundi alijua, alisema mara moja, kisha akaacha. Anayejua ndiye mwenye wajibu wa kukataa, hata kama kesho atalala na deni.

Ikiwa gari lako lina bampa lililotengenezwa mtaani na jicho la kuvutia lililochomelewa juu yake, usilivutie tena. Nenda kwa fundi kabla mvua hazijaanza, umwambie alikate jicho hilo na kufunga ndoano mbili kwenye chasisi kwa bolti zenye alama. Ni kazi ya siku moja.