Nyumba ya Kuuzwa na Aibu Zake

Ndugu msomaji, mtu akitaka kuuza nyumba hufungua mlango watu waje waitazame. Hufagia, hupaka chokaa, hufukiza udi, na mgeni humkaribisha kwa kahawa. Yote hayo ni mazuri. Swali letu ni hili: je, kunyamaza nako ni uongo?

Zitazame nyumba zetu za mawe, za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Maji yakipenya sakafu ya juu, boriti huoza polepole pale kichwa chake kilipoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Wengine huufunika ukuta wenye unyevu kwa saruji. Nayo saruji huyazuia maji yasitoke, ukuta ukaharibika ndani na huku nje wapendeza. Mnunuzi aja siku ya jua, akaa nusu saa, aondoka ameridhika. Mwenye nyumba ameipitishia masika ishirini.

Wako wasemao, "Mnunuzi ana macho, na atazame." Ni kweli yampasa kutazama na kuuliza. Lakini macho huona kilicho wazi, hayaoni kilichopakwa chokaa kusudi kisionekane. Ukuta ule mweupe umekwisha kusema, "Mimi ni mzima," na aliyeupaka ajua si kweli.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta ndani mna majimaji. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiyaweke juu watu wakayaona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Zingatia: katika kisa hiki hatusikii kwamba muuzaji alitamka uongo, wala mvua haikuwa kosa lake. Kosa ni kuficha.

Ndiyo maana wanavyuoni wakampa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua ila iliyokuwako kabla ya kununua, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha mali. Wakakataza na najshi, yaani kumweka jamaa ajifanye mnunuzi na kupandisha bei, mgeni akaingia kwa pupa.

Utasema, "Nikieleza, bei itashuka, nami nauza kwa shida." Naam, itashuka. Lakini kiasi kilichopungua ni gharama ya boriti zile, ambayo ungemtwika mwenzio bila ya yeye kujua. Hata anayeuza mirathi ya mayatima hana ruhusa hiyo. Yatima halishwi kwa haki ya mtu mwingine.

Basi kabla ya kufungua mlango, mwite fundi, mzunguke naye nyumba nzima. Paka chokaa baada ya kutengeneza, si badala ya kutengeneza. Kisichotengenezeka, mwoneshe mgeni kabla ya kutaja bei. Masika yatakuja, nawe utapita mtaa ule mvua ikinyesha. Uza kwa namna ambayo siku hiyo utaweza kumtolea salamu mwenye nyumba.

Wabillahi tawfiq.