"Ni Miaka Minne Tu, Frateri"



Jumapili moja, baada ya mkutano wa VIWAWA hapa Dodoma, kijana mmoja alinisubiri nje. Ni beki wa kati, mzuri kweli. Ana miaka 20. Kuna mtu amemwahidi kumpeleka kwenye majaribio ya timu ya vijana, ila cheti cha kuzaliwa kisome miaka 16. Akaniuliza: "Ni miaka minne tu, Frateri. Kwani nani anaumia?"

Tusimcheke. Wenzake walipokuwa wanafundishwa mpira, yeye alikuwa anachunga ng'ombe na kulima uwele. Hilo si kosa lake, na nyumbani wanamtegemea. Swali lake linastahili jibu.

Mwaka 2017 Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17, walicheza fainali za Afrika kule Gabon. Wengi tumesahau walifikaje. Kwenye kufuzu walitolewa na Kongo Brazzaville. Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Akaitwa kupimwa, hakutokea. Kongo ikaondolewa, sisi tukaingia.

Kwenye safu ya ulinzi ya kikosi kile alikuwamo Dickson Job. Walitoka 0-0 na Mali, ambao ndio waliochukua kombe, wakaifunga Angola 2-1, kisha wakafungwa na Niger 1-0. Sare tu siku ile ingewapeleka nusu fainali, na Kombe la Dunia la vijana kule India. Goli moja likafuta yote.

Ndoto ikivunjika hivyo ungali kijana mdogo, unafanyaje? Job alirudi Mtibwa Sugar, Morogoro, akaendelea kukaba. Januari 2021 akasajiliwa Yanga. Mwaka 2023 Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, naye akiwa mmoja wa mabeki wake. Kutoka Gabon hadi fainali ile ni miaka sita.

Sasa turudi kwenye swali: nani anaumia? Kama suala lile la umri lingepita kimyakimya, vijana wetu wangebaki nyumbani wakiangalia wengine kwenye TV. Kikosi kina nafasi chache. Ukiingia na umri wa kughushi, kuna dogo wa miaka 16 kweli, pengine wa Kondoa au Mpwapwa, anayeachwa. Hatajua kamwe kwa nini. Kwa sababu humwoni, unadhani hayupo. Dhambi nyingi tunaziita ndogo kwa sababu hiyo tu: aliyeumia hatujawahi kukutana naye.

Wengine watasema, "Usidanganye, utakamatwa." Ni kweli, tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17. Mifupa ikishaungana kabisa pale, kuna uwezekano mkubwa kwamba kijana ameshavuka umri huo. Lakini hiyo ni hoja ya woga. Mashine isingekuwepo, je, uongo ungekuwa halali? Anayesema ukweli kwa kuogopa mashine bado hajaupenda ukweli.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza: tendo kuu la ushujaa ni lipi, kushambulia au kustahimili? Akajibu: kustahimili. Anayestahimili anakabili mwenye nguvu kuliko yeye, hatari iko mbele yake sasa hivi, na anapaswa kusimama kwa muda mrefu. Jamani, hiyo si kazi ya beki? Mshambuliaji anakumbukwa kwa sekunde moja. Beki anasimama dakika 90, na akifanya kazi yake vizuri, hakuna cha kuonyesha kwenye ubao. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Waefeso kuhusu silaha za Mungu, anarudia neno hilohilo: simameni.

Ndugu yangu beki, unajua kusimama uwanjani. Simama na hapa pia. Miaka yako 20 ni ya kweli, na kuna njia inayoipokea ilivyo: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, kisha kupanda daraja kwa daraja. Dodoma Jiji wenyewe walianzia madaraja ya chini, wakafika Ligi Kuu mwaka 2020. Sikuahidi kwamba utafika. Inawezekana usifike, na hapo ndipo ukweli unauma. Lakini ukifika, utakayeshangiliwa ni wewe, si kijana wa kwenye cheti ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mpaka naandika haya hajanijibu. Tumwombee. Na wewe unayesoma, jiulize leo: mimi ninapunguza nini ili nipate nafasi?

Ee Bwana, utupe nguvu ya kusimama katika ukweli, hata pale unapotuchelewesha. Amina.