Burudani ya Mwisho wa Juma: Je, ni Halali?

Jumamosi ikifika wengi wetu hutafuta mambo matatu: kitabu cha hadithi, vazi zuri sokoni, na muziki wa kuliwaza moyo. Wapo Wakristo wanaotuuliza kama huo si wakati uliopotea, maana wagonjwa wangali wanangoja kutazamwa. Swali hilo tusilidharau.

Tumkumbuke Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, akawa Askofu mwaka 1874. Alikuwa na Maandiko ya kufasiri, lakini alipata pia nafasi ya kusikiliza ngano za wenyeji, akazichapisha kitabuni mwaka 1870. Ndani ya ngano mna kicheko cha watu, hofu yao na matumaini yao. Asiyeyajua hayo, atawahubiria nini?

Kwa hiyo kosa halimo katika burudani yenyewe. Tuangalie inatupeleka wapi. Hadithi ikituzoeza kumsikiliza mwenzetu, imetenda kazi njema. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Mama anayejifunga kimoja na kumpa jirani cha pili amewapamba wawili. Lakini tukiongeza sauti ya redio ili tusisikie kilio cha nyumba ya pili, faraja yetu imegeuka ukuta.

Basi na tupumzike bila hofu, ila mlango tusiufunge. Anayebisha hodi Jumamosi jioni hakuja kutuharibia mapumziko. Huenda amekuja kuyatafuta kwetu.