Mlango Ukifungwa, Nani Abaki Akitazama?

Majuzi hapa Kyambogo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ualimu upatanisho wa kisarufi. Niliandika ubaoni "Kifaru amepita" na "Kifaru kimepita", nikaeleza kwamba wa kwanza ni mnyama na cha pili ni chombo cha vita. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa nini mnyama apewe upatanisho wa mtu, hali tukitaka kumlaumu mtu mkatili twasema ametenda unyama?" Nilimjibu kwamba ndivyo lugha ilivyo. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini halikutosha, na tangu siku hiyo swali lake halijaniacha.

Ziko idara na vituo vya vyuo vikuu vinavyochunguza akili za wanyama, tangu mbwa na paka wa nyumbani hadi sokwe wa mwituni. Kituo cha namna hiyo kinapofungwa, wengi wetu husema: "Na kifungwe! Watoto wetu hawana madawati. Nani ana haja na fikira za mbwa?" Je, yatupasa kusema hivyo?

Natutazame mfano wa jirani zetu. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka huohuo akamwona sokwe akichomeka ubua wa nyasi katika kichuguu ili avue mchwa. Alimwona pia akipukuta majani ya kijiti ili kimfae kwa kazi hiyo. Hadi wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba kuunda zana ni sifa ya binadamu peke yake. Kituo kikakua, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilikuwa kikipeleka wanafunzi wake huko. Mwezi Januari 1974 Hilali Matama, mtazamaji Mtanzania, alishuhudia sokwe wa kundi moja wakimvamia dume wa kundi jirani na kumjeruhi vibaya. Uhasama huo uliendelea kwa takriban miaka minne, hata kundi moja likatoweka.

Kisha yakatokea mambo ya ajabu. Usiku wa tarehe 19 Mei, 1975, watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa, nchi iliyoitwa Zaire siku hizo, waliwateka vijana wanne wa kituo hicho. Wote hatimaye waliachiliwa wakiwa hai, lakini Stanford iliwaondoa wanafunzi wake. Waliokuja kuchunguza vita vya sokwe walifukuzwa na vita vya binadamu. Hapo neno "unyama" tulitumieje, na tumbandike nani?

Aliyetazama kwa mbali angesema kituo kimekufa. Hakikufa. Watazamaji wa Kitanzania, ambao wengi wao hawakuwa na vyeti vikubwa, waliendelea kuwafuata sokwe mabondeni na milimani, wakaandika waliyoyaona, tena kwa Kiswahili. Walimu wenzangu, tuambiwapo kwamba lugha yetu haifai kwa sayansi, tuyakumbuke madaftari hayo. Sokwe aweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kumjua mama, mwana na mjukuu kwahitaji kutazama bila kukoma, na miaka isiyotazamwa hakuna fedha iwezayo kuinunua baadaye.

Simlaumu asemaye kwamba madawati yatangulie. Fedha ni chache, na mtoto aketiye sakafuni ana haki yake. Lakini kufunga mlango ni jambo moja, na kufuta elimu ni jambo jingine. Anayefunga kituo kwa haki hana budi kwanza kuuliza: madaftari yatahifadhiwa wapi? Na wale waliozoea kutazama, ambao ujuzi wao haumo vitabuni, watakwenda wapi? Asiyeuliza hayo huteketeza jasho la wenzake, nasi hatuwezi kuita hayo uangalifu wa fedha.

Na faida ya elimu hiyo ni ipi? Naona ni kutuvua kiburi. Sokwe huunda zana, naye pia huua jirani yake. Basi akili si mali yetu peke yetu, wala ukatili si wao peke yao. Kinachobaki kuwa chetu ni kwamba sisi twaweza kuulizwa kwa nini tulitenda, tukawajibika. Huo ndio utu, nao hauji kwa kuzaliwa tu. Hujengwa kila siku kwa matendo.

Nitakapomwona tena mwanafunzi yule nitamwambia: lugha yetu imetuweka katika ngeli moja na wanyama kwa kuwa sote tu viumbe wenye uhai. Sarufi imetufikisha hapo tu. Kutoka hapo hadi kwenye utu, kila mtu huenda kwa miguu yake.