Pasaka Haijaisha, Wanangu

Wanangu, hili nimelisema miaka mingi na sauti imeanza kukauka, lakini nitalisema tena. Siku 40 za Kwaresima mnazishika vizuri. Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba kanisa linajaa, nyama hamgusi, hata wenye kupenda pombe hujizuia. Ikifika Pasaka, ambayo Kanisa limeipa siku 50, mnaimaliza Jumatatu pamoja na pilau iliyobaki. Kristo Mfufuka mmemfanya yule mgeni wa methali: siku mbili anakula, ya tatu anapewa jembe.

Hizo siku 50 hazikuwekwa juzi. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza kwamba mpaka Pentekoste waamini wasali wamesimama, wasipige magoti. Hadi leo mshumaa wa Pasaka huwashwa misani kipindi chote hicho, na sala ya Malaika wa Bwana hupisha Malkia wa Mbingu. Wangapi mmeona?

Jumapili ya pili, ambayo tangu mwaka 2000 tunaiita pia ya Huruma ya Mungu, husomwa habari za Tomaso. Siku ya kwanza hakuwepo, na alikokwenda hatuambiwi. Waliokuwepo nao hawakuwa mashujaa. Walijifungia ndani kwa hofu. Tomaso aliporudi aligoma kuamini, lakini hakuna aliyemfukuza. Siku nane baadaye yumo chumbani pamoja nao, milango imefungwa vilevile, na Bwana akaja akamwonyesha majeraha yake.

Sasa niambieni, wanajumuiya: mwenzenu akikosa sala wiki mbili, nani humwendea? Mimi nimeshuhudia daftari la mahudhurio likifunguliwa msibani, marehemu bado yuko ndani, watu wanabishana kama alilipa michango. Tomaso angekuwa wa jumuiya ile, angezikwa bila padre.

Kupaa Bwana huangukia siku ya 40, Alhamisi, ingawa katika nchi nyingi Wakatoliki huisogeza hadi Jumapili. Mitume walibaki wameduwaa, macho juu, mpaka watu wawili wenye mavazi meupe wakawauliza wanatazama nini. Wakarudi Yerusalemu, wakakaa katika sala pamoja na Mama Maria. Kutoka hapo ndipo tulipopata novena ya Roho Mtakatifu, siku 9. Novena za kuombea ajira na safari naona zinajaa watu. Hii iliyo mama yao ina bibi wachache na katekista.

Halafu Pentekoste. Ilikuwa sikukuu ya mavuno ya Wayahudi, mji umejaa wageni wa kila lugha, na siku hiyo walibatizwa watu wapatao 3,000. Waliotoka kuhubiri ni walewale waliokuwa wamejifungia, akiwemo Petro aliyemkana Bwana mbele ya kijakazi. Roho hakutafuta watu wengine wenye rekodi nzuri zaidi.

Basi viongozi wa jumuiya, mwaka huu, kabla ya Pentekoste kufika, fungueni daftari lile mtafute aliyekosa muda mrefu kuliko wote. Msimtumie ujumbe wa simu. Nendeni kwake, mkae, msali naye. Na habari ya michango msiitaje.