Nyanya Aliyefunga Mkoba



Mwaka juzi niliketi ofisini nikijaza fomu ya wafadhili wa ng'ambo. Walitaka kutujengea makao ya watoto, na waliomba majina ya yatima 40 pamoja na picha. Mimi nimesomea biashara, fomu hainitishi. Nilipofika mtoto wa 22, yatima wakaisha. Nikaendelea tu. Palipoulizwa wazazi nikaandika "hakuna", hata kwa watoto ambao mama zao huketi viti vya nyuma ibada ya pili. Nilijiambia, kwani ubaya uko wapi? Mtoto atakula, atasoma.

Wiki hiyo hiyo akaja nyanya mmoja kutoka Shika Adabu na wajukuu wawili, mkoba wao umeshafungwa. "Pasta, wachukue. Sina unga. Nitakuja kuwaona Jumapili." Nikamwuliza, na ukipata unga je? Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Nikipata unga, nawaleta hapa kufanya nini?"

Swali hilo halijaniachia usingizi. Je, ni halali kumsaidia mtoto kwa kumtoa kwa watu wake, eti kwa sababu pesa imekuja na sharti hilo?

Darasani tulifundishwa kwamba biashara humfuata anayelipa. Hapa anayelipa ni mfadhili, mtoto halipi kitu. Kwa hiyo kinachojengwa ni kile mfadhili anachoweza kukiona: jengo lenye kibao, vitanda vimepangwa, watoto wanaimba. Halafu kuna mlinzi, mpishi, matroni, maji na stima, vyote vinalipwa kabla sahani ya mtoto haijajaa. Nyanya aliyepewa unga na karo hana kibao. Lakini sitawalaumu wafadhili. Wao hawakudanganya, aliyedanganya ni mimi.

Fungueni 2 Wafalme 4. Mjane ana deni, na mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakusema walete kwangu niwalee. Alimwuliza mama ana nini nyumbani. Vyombo viliazimwa kwa majirani, mlango ukafungwa, na watoto wenyewe ndio waliomletea mama vyombo akimimina. Deni likalipwa, na watoto wako pale pale kwa mama yao.

Mtu ataniambia, mbona Freretown? Kweli, hapo Kisauni CMS walianzisha makazi mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani, watoto wakiwemo, na kengele yao bado iko Kengeleni tunapopita na matatu. Ilikuwa kazi njema. Ila mtoto yule alikuwa ametolewa bara la mbali, mama yake hajulikani aliko. Huyu wa kwetu mama yake yuko ng'ambo ya feri anauza viazi karai.

Wapo watoto waliotupwa, wapo wanaopigwa nyumbani hadi kuumizwa, na hao wanahitaji mahali salama, sikatai. Lakini hata serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mpango wake wa 2022 hadi 2032 ni kuwarudisha watoto kwenye familia. Inatia aibu kidogo serikali ikimwelewa Elisha kabla yetu.

Niliwaandikia wafadhili tena. Nikakiri kwamba yatima ni 22, na wote wanalelewa na shangazi, wajomba na nyanya zao. Nikaomba pesa ile ilipe unga na karo huko huko majumbani. Walijibu kwa upole kwamba mradi wao ni wa majengo. Wazee wa kanisa watakaa na barua hiyo Jumapili baada ya ibada ya pili, na najua wapo watakaonikasirikia, maana kiwanja tulishakisafisha.

Nyanya alirudi nyumbani na wajukuu wake. Unga wa mwezi huu umetoka kwa akina mama wa maombi ya Jumatano. Wa mwezi ujao bado haujapatikana.